Akidi ya Msibani

Mwaka ule kijiji kizima kilishikwa na ugonjwa wa swali moja. Mtoto akiingia dukani na kopo lake la mafuta ya taa, muuza duka alimtazama kwanza machoni, akamuuliza, "Nani kakutuma?" Si kwamba hakumjua mtoto au mama yake. Alitaka kusikia jina la nyumba ili ajue kama mafuta yanakwenda upande wa juu au upande wa chini. Mwanamke akikaa kwa mwenzake kupita ile dakika ya kuazima ungo, aliulizwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilimpelekea mama mkwe mboga ya mchunga niliyoichuma kwa mkono wangu, naye badala ya kusema ahsante akaniuliza nani kanituma na mboga. Nilitamani niimwage pale pale mlangoni. Sikuimwaga, nikaiweka juu ya kinu nikaondoka bila kuaga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Vitongoji viwili vya Wazigua, kimoja kilichokaa mlimani na kingine bondeni karibu na barabara ya kwenda Korogwe, tulikusanywa tukawekwa mahali pamoja, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi. Tukapewa jina moja la kijiji, mwenyekiti mmoja na shamba moja la ujamaa. Lakini waliotoka mlimani tuliendelea kuwaita watu wa juu, nao wakatuita sisi watu wa chini, ingawa sasa wote tulikaa kwenye tambarare moja, na mwinuko mkubwa kuliko yote hapo ulikuwa kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo cha shule.

Mimi ni wa chini. Baba yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini niliolewa juu, na mume wangu alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa upande wao. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ndiye aliyewaongoza wajumbe wote wa juu, ingawa hakuna aliyewahi kumpa cheo hicho. Kwa hiyo mpaka wa kijiji ulipita katikati ya kitanda changu.

Na mimi nilikuwa mjamzito, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa, hakulia. Nilimzalia nyumbani, mikononi mwa bibi mkunga wa kijiji, mwanamke wa kutoka juu aliyewapokea karibu wanaume wote waliokuwa wakibishana kwenye mikutano ile. Alimpigapiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akamfunika kanga. Watu walisema ni kudra ya Mungu, nami nikaitikia. Moyoni nilimlaumu yule bibi, tena sana. Wa chini wenzangu walininong'oneza kuwa mkono wake huwa mzito akizalisha binti wa kwetu. Ni maneno ya kipuuzi, lakini niliyasikiliza, na yalikaa ndani yangu.

Kisha zahanati ikajengwa. Tulisomba mawe na maji kwa vichwa, wa juu na wa chini, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho ninayokumbuka tuliifanya pamoja tukiimba. Tukaletewa nesi, dada wa Kishambaa kutoka upande wa Lutindi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinipima tumbo kwa mikono yake ya baridi, akauliza habari za mtoto wa kwanza, akanipima tena nyonga. Akasema, "Mdogo wangu, huyu usimzalie nyumbani. Unasikia? Uchungu ukianza, hata kama ni mchana wa jua kali, uje hapa." Nilitoka pale nikiwa nimeshika hilo neno kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kwamba siku yangu ikifika nimkute yule dada mlangoni.

Sasa, mshahara wa nesi ulitoka serikalini, lakini nyumba yake, mafuta ya taa ya jokofu la dawa na mlinzi wa zahanati vilikuwa mzigo wa kijiji. Vyote viliandikwa kwenye makisio, yaani mpango wa matumizi ya kijiji kwa mwaka mzima, na makisio yalipaswa kupitishwa na halmashauri ya kijiji kabla ya Juni kuisha. Yakipita, kijiji kinaendelea. Yasipopita, hakuna mwenye ruhusa ya kutoa hata lita moja ya mafuta.

Mwaka ule hayakupita, na sababu ilikuwa mashine ya kusaga. Kijiji kilikuwa na mpango wa kununua mashine, na ndani ya makisio baba na wenzake waliandika kuwa ijengewe banda upande wa chini, karibu na barabara. Watu wa juu walisema banda likae upande wao, kwa kuwa wanawake wao wamechoka kutembea. Upande wetu nao tulikuwa na wanawake waliochoka, kwa hiyo hoja hiyo haikumtikisa mtu. Na makisio hayakuweza kukatwa vipande, ukapitisha nesi ukaiacha mashine. Yalipita yote au hayakupita.

Wajumbe walikuwa sawa kwa sawa, juu na chini, baba akiwa miongoni mwa wetu. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye aliyekata shauri. Shemeji yangu aliliona hilo upesi. Akajua kwamba siku watakayoingia mkutanoni wote, wameshindwa. Lakini akajua pia kuwa mkutano una akidi yake, ile idadi ya wajumbe ambayo isipotimia mkutano si mkutano, na idadi hiyo ilikuwa zaidi ya nusu. Wa chini peke yao walikuwa nusu kamili. Alihitajika mmoja tu wa juu.

Basi wa juu wakaacha kuja. Siku ya mkutano baba alipiga kengele ya shule, kile kipande cha reli kilichoning'inizwa, akaingia darasani na wajumbe wake wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nje, wajumbe wa juu wakapita na majembe begani, wanasalimia kwa adabu zote. "Shikamoo, mwenyekiti." "Marahaba. Mbona hamuingii?" "Tutakuja, mzee. Kuna mbuzi anaumwa." Mbuzi wa upande wa juu waliumwa sana miezi ile, na kila siku ya kengele waliumwa zaidi. Jua likipinda, baba alisimama akatangaza kuwa akidi haijatimia, akafunga darasa.

Ukimya wa wale watu ukazaa maneno. Wa chini wakasema wa juu wana mtu wao wilayani Handeni, wameshaahidiwa kijiji chao peke yao, na wanachosubiri ni chetu kife. Wa juu wakasema baba amekwishampa mpwa wake kazi ya kuendesha mashine, na banda halikuandikwa barabarani kwa bahati. Mimi sikujua lipi la kweli. Kumshuku shemeji ilikuwa rahisi. Kumshuku baba yangu kuliniuma, lakini nilimshuku, kwa sababu mpwa wake kweli alianza kutembea kijijini na bisibisi mfukoni. Mmasai mmoja aliyekuja kutuuzia maziwa kutoka mbugani alisikia kelele akaomba aonyeshwe hiyo mashine. Akaambiwa haijanunuliwa. Alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili, nasi tukamkasirikia kwa pamoja, juu na chini.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka wilayani, na baiskeli iliyojaa vumbi. Akasema mbele ya watu wote kuwa Juni ikiisha bila makisio, zahanati itafungwa kwa kufuli na nesi atapelekwa kijiji kingine upande wa Kwaluguru, ambako wamekwisha kupitisha yao na nyumba ya nesi iko tayari. Alisema bila hasira, kama anayetangaza ratiba ya basi. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wenzangu, tumbo limefika magotini. Hakuna mwanamume aliyenitazama, lakini niliona wote wamejizuia kunitazama.

Mume wangu alikuwa mtu mpole. Usiku haukuwa wa ugomvi kwetu, ulikuwa wa kimya. Siku moja asubuhi aliniambia, "Nikupeleke Korogwe kwa shangazi yako. Ukae huko mpaka ujifungue. Hospitali iko karibu." Nilimkubalia kabla hajamaliza kusema. Nikafunga kanga zangu na zile nguo ndogo zilizobaki za mtoto wa kwanza.

Baba aliposikia alikuja mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi nyumbani kwa mkwe. Akasimama uani akasema, "Ukienda Korogwe, watu wa juu watasema, mnaona, hata binti wa mwenyekiti hamhitaji nesi. Watakuwa wameshinda." Nikamwambia mimi siendi kushinda wala kushindwa, naenda kuzaa. Akaniuliza, "Wazo hili ni la nani? Nani kakutuma?" Na jioni ile ile shemeji yangu naye akaja na kumwambia mume wangu kwamba safari ile ni ya ujanja, kwamba baba ananitoa kijijini ili nikirudi bila mtoto, au nisirudi, lawama iwaangukie wa juu. Wote wawili walinikataza kwenda, kila mmoja kwa ajili ya kumkomoa mwenzake. Niliwachukia. Nasema hivyo kwa utulivu kwa kuwa wote wameshatangulia mbele ya haki, lakini siku ile niliwachukia kweli kweli, nikaufungua mzigo wangu nikazitupa kanga kitandani.

Yule bibi mkunga alisikia, akaja kuniona. Alikuwa amezeeka, pumzi zinamkatika njiani, amejishikiza kwa mkongojo wa mpingo. Akaniwekea kiganja tumboni bila kuomba ruhusa, akasema, "Huyu nitampokea mimi. Na huyu atalia." Nikamwambia, "Ahsante, bibi." Nikawaza, nani kamtuma? Nilimchungulia mpaka alipopinda kona ya nyumba ya mwisho, nione anaelekea kwa nani kupeleka habari. Alikwenda moja kwa moja kwake, akafunga mlango.

Siku chache kabla ya Juni kuisha, asubuhi, kilio kikaanza nyumbani kwa yule bibi. Alikuwa amelala na hakuamka.

Kwetu unaweza kususa mkutano, ukasusa shamba la ujamaa, ukasusa hata harusi ya ndugu yako ukaja kuomba radhi. Mazishi hayasuswi. Na hayo yalikuwa mazishi ya mwanamke aliyewakata vitovu. Ilitakiwa wanaume wote wa juu wawe wamefika kabla chai haijachemka. Hawakufika. Uwanja ulijaa watu wa chini peke yao, na waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wa chini, wakati marehemu alikuwa wa juu. Ilikuwa aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya hapo.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya kinu kilicholazwa, kwa sababu mjamzito kwetu haingii chumba cha maiti. Nachambua maharage. Nikamwona mume wangu anakuja kwa kunyatia, pembeni mwa ua wa mabua, kama mtu anayefuata kuku aliyepotea. Akachuchumaa karibu yangu.

"Ni kweli amekufa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Sikumwelewa. Akaeleza, huku ameinamisha kichwa. Kaka yake na wenzake walikuwa wamekaa wote nyumba ya mwisho ya upande wa juu, wamevaa kanzu, kofia vichwani, hawathubutu kutoka. Walihofu kuwa msiba ni wa kutengenezwa. Kwamba wa chini wamempa yule bibi chochote ajilaze, ili wao waje wote mahali pamoja na akidi itimie. Wakamtuma yeye aje ahakikishe, kwa kuwa ana mke upande wa pili. Alifika mlangoni akakuta wanawake wanaosha maiti, na mwanamume hapiti hapo. Ndiyo akanifuata mimi.

Hasira iliyonipanda sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikamwambia, tena si kwa sauti ndogo, "Ingia ukamtekenye! Akicheka, rudi ukawaambie ni mzima." Wanawake jikoni wakageuka. Mume wangu akabaki amechuchumaa, jasho limemtoka puani. Kisha nikalia, na nilipoanza kulia ndipo nilipojua nilikuwa namlilia yule bibi, ambaye nilimfuata kwa macho mpaka kwake siku ile, na hakuwa ametumwa na mtu. Nikawa najililia na mimi pia, kwa sababu sasa mkono mzito haupo, mkono mwepesi unakwenda Kwaluguru, na Juni inakwisha.

Mume wangu aliondoka. Muda si mrefu watu wa juu wakaja, wote kwa pamoja, wamefuatana kimya. Walibeba jeneza, wakazika, wakaomba dua. Hakuna aliyezungumza habari za kijiji. Nilifikiri pengine yule bibi amewapatanisha kwa kufa kwake. Nilikuwa simjui baba yangu vizuri.

Baada ya maziko wanaume walirudi uwanjani, wakakaa kwenye mikeka, masinia ya ugali na maharage yakaletwa. Nilikuwa nachungulia kwenye mwanya wa ua. Baba aliita, "Mkwe, njoo ukae hapa," akampa mume wangu nafasi kwenye sinia lake. Ni heshima kubwa, na mume wangu alikaa. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, kwa sababu baba hakuwahi kumpenda kiasi hicho.

Watu wakanawa. Mikono ikaingia kwenye masinia. Baba akameza tonge la kwanza, akasema, bila kuinuka, "Ndugu zangu, mama yetu huyu alitupokea sote. Na leo naona wajumbe wote wa halmashauri wapo. Nafungua mkutano wa makisio."

Mikono yote ikasimama juu ya masinia.

Shemeji akasema, "Mwenyekiti, tuko msibani."

"Ndiyo maana mko," baba akajibu.

"Hatukupewa taarifa ya mkutano."

"Kengele nimewapigia miezi. Mbuzi wenu wamepona?"

Shemeji alisimama. Tonge lilikuwa mkononi, akalitazama, hakujua alirudishe au alile. Akalitia mdomoni huku amesimama, akatoka, anatafuna, machozi ya hasira machoni. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wengine wanajifuta mikono kwenye majani, hawajanawa. Wazee wakasema astaghfirullah. Kuacha chakula cha msiba katikati ni tusi kwa marehemu, na kila mmoja wao alijua anamtukana mama aliyempokea.

Mume wangu hakuinuka.

Kwetu mwanamume aliyekaa sinia moja na baba wa mke wake hainuki kabla ya mzee kunawa. Na baba siku ile alikula kama mtu mwenye jino bovu. Alimega, akaviringa, akachovya, akatafuna, akaangalia mbali. Mume wangu ameinamisha uso, mkono umo kwenye sinia, haumegi wala hautoki. Shemeji alisimama njiani akaita jina lake mara moja. Hakugeuka. Katibu akahesabu wajumbe kwa kidole, akasema akidi imetimia, akasoma makisio haraka haraka, wa chini wakanyoosha mikono ya kushoto kwa kuwa ya kulia ilikuwa na maharage. Mume wangu hakunyoosha wowote. Haukuhitajika. Makisio yakapita. Ndipo baba akaomba maji ya kunawa.

Nilifurahi. Nisijifanye kuwa na huruma ambayo sikuwa nayo, nilifurahi mpaka mtoto akageuka tumboni. Baadaye tu, jioni, nikimtazama mume wangu amekaa kizingitini na kanzu yake ya msibani, ndipo nilipoanza kufikiri. Baba alijua tangu mwanzo ni nani atakayebaki. Alilihesabu tumbo langu kama mjumbe. Na mume wangu, je, alibaki kwa ajili yangu, au alibanwa na adabu ya mkwe? Nilikuwa na swali hilo mdomoni, nikalimeza.

Tangu siku ile kaka yake hakumsemesha. Walikutana kisimani, shambani, msikitini, shemeji anapita kama anapita kisiki. Kule juu walisema amenunuliwa. Kule chini walimchekea sana, wakampa sigara, na hakuna aliyemwamini, maana mtu aliyewaacha ndugu zake mara moja atawaacha na wengine. Banda la mashine lilichimbiwa msingi kando ya barabara. Mashine haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Kuku walilifanya lile shimo mahali pa kuogea vumbi.

Uchungu ulinishika asubuhi, Julai, nikaenda zahanati kwa miguu yangu na mama mkwe amenishika mkono. Nesi alikuwa mlangoni. Ilikuwa kazi kubwa, na palifika mahali alinipigia kelele kwa Kishambaa, nami nikamjibu kwa Kizigua, tukaelewana. Mtoto akatoka amejiviringa kitovu shingoni. Nikasubiri. Akalia. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, akajifunika uso na kanga.

Mtoto alipokaribia arobaini yake, nesi akaja kuniaga. Anahamia Kwaluguru, na mahali pake anakuja mganga mwanamume. Nilishtuka, nikamwambia makisio si yalipita? Akamchukua mtoto akampakata.

"Uhamisho wangu ulitoka kabla ya yule bwana wa baiskeli," akasema. "Nilikwenda mwenyewe Handeni nikaomba wanisubiri mpaka wewe ujifungue. Wakakubali. Yapite, yasipite, mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Mbona hukusema, dada?"

"Ningemwambia nani hapa kwenu?" akanijibu. "Ningekwambia wewe, ungemwambia mumeo, mngeulizwa nani kawatuma. Wa juu wangesema nimetumwa na baba yako, na baba yako angesema nimetumwa na wa juu. Hata wewe ungenishuku." Sikubisha, kwa sababu ni kweli ningemshuku. Akambusu mtoto kwenye unyayo, akaenda kupanga vitu vyake.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani nilimwambia yote. Nilitaka ajue kwamba hakulazimika kumpoteza kaka yake kwa ajili yangu, kwamba hata angeinuka siku ile na kuondoka na ndugu zake, mtoto huyu angelia. Nilidhani itampunguzia. Nilidhani labda atakwenda kwa kaka yake na kumwambia, nao wataanza upya. Na nilitaka pia, nikiri, aseme kwamba alibaki kwa ajili yangu hata hivyo.

Alikuwa amempakata mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimtikisa taratibu, uso wake haunionyeshi kitu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, jinsi alivyoniuliza mambo yote:

"Nani kakutuma uniambie hivyo?"

Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. Nilichukua ndoo nikashuka kisimani. Nililia huko, nikanawa uso, nikajaza maji, nikarudi kupika.